Taya Lililopewa Jina

Maithya wa Ngumbau alikuwa ameokota mifupa ya nguruwe ya kujaza lori, na ya swala, na ya viboko, na ya fisi wa aina mbili ambazo hazipo tena duniani, na gamba la kobe mmoja mkubwa kama meza. Lakini mfupa wa mtu hakuwahi kuupata. Miaka thelathini na minane alitembea ameinamisha kichwa katika makorongo ya kaskazini, tangu siku alipotoka kwao Kibwezi na sanduku la mbao akiambiwa kuna kazi ya kuchimba, na hakuna hata siku moja aliyoinua jino la mtu. Wenzake wa zamani, Wakamba kama yeye, wengi wao sasa wakiwa chini ya udongo, kila mmoja alikuwa na mfupa wake. Kulikuwa na fuvu la fulani na paja la fulani. Mfupa wa mtu wa kale ukipatikana hupewa nambari, lakini watu wa kambi huupa pia jina la aliyeuona, na jina hilo huufuata mpaka vitabuni. Jina la Maithya lilikuwa halijafuata kitu chochote mahali popote. Na huu ulikuwa msimu wake wa mwisho. Barua ya kustaafu ilikuwa imekunjwa ndani ya Biblia, chini ya mto.

Kazi yenyewe haikuwa tena kazi aliyoijua. Zamani watu sita walijipanga mstari, hatua tano kati ya mtu na mtu, wakatembea polepole toka alfajiri mpaka jua liwachome shingo, bila kusema neno. Mtu alijifunza kuitambua rangi ya jino kwa mbali, kama mchungaji anavyomtambua mbuzi wake kwa kikohozi. Siku hizi wanarusha kindege kisicho na rubani, kinapiga picha ardhi nzima, kisha wanakaa chini ya turubai kuzitazama picha kwenye kioo na kunywa maji ya chupa. Kindege hicho kilikuwa kimepita juu ya korongo la Ltepes mara nne msimu huo. Hakikuona kitu.

Maithya alipita mara moja, peke yake, asubuhi ambayo upepo ulikuwa umepeperusha mchanga wa juu, akaona kitu cha buluu iliyochanganyika na kijivu kiking'aa kwenye ukingo. Akalala kifudifudi. Lilikuwa taya la chini, nusu yake, lenye meno matatu. Hakuligusa, maana sheria ya kwanza aliyofundishwa ni kwamba mfupa haung'olewi mpaka mahali pake papimwe. Alitazama jino la mwisho kwa muda wa chai kupoa. Halikuwa la nguruwe. Halikuwa la nyani. Lilikuwa pana na fupi, limelika bapa, jino la mtu aliyetafuna mizizi maisha yake yote bila kumlalamikia mtu. Maithya aliinuka, akaweka mawe matatu kando ya taya kama alama, ndivyo walivyofanya siku zote, na alipogeuka akamkuta Noonkishu amesimama nyuma yake na punda wawili wenye mitungi.

Noonkishu alikuwa mjane wa Kisamburu aliyepita pale kila siku kwenda visimani.

"Umelala au umekufa?" akauliza.

"Nimepata mtu!"

"Mtu gani?"

"Mtu. Wa zamani."

"Amekufa?"

"Noonkishu, mtu wa zamani atakosaje kufa?"

Mama yule aliwaacha punda wake, akasogea. Alilitazama lile taya, akayatazama mawe matatu, akafungua kijaluba chake cha tumbaku, akadondosha kidogo chini. Kisha akaokota jiwe na kuliweka juu ya yale matatu.

"Pole," akamwambia.

"Asante," akajibu Maithya, huku akicheka kwa furaha.

Hapo ndipo alipoharibu mambo. Angesema amepata kiboko, kama alivyosema miaka yote, mama yule angeenda zake kuteka maji. Lakini alitamka neno mtu, na Msamburu akipita mahali alipolazwa mtu hapiti mikono mitupu.

Maithya alikwenda mjini Baragoi kumpigia simu Daktari Nyaboke, mkuu wa kambi, ambaye alikuwa amerudi Nairobi. Daktari alifurahi, akamwambia abaki hapo hapo Baragoi, atakuja baada ya siku tatu, amwongoze. Siku tatu zilifika ishirini na tatu. Kwanza lori lilikuwa halina springi. Halafu kibali kilikosa muhuri. Halafu kulikuwa na mkutano wa wasomi katika hoteli moja, wa kujadili namna ya kuharakisha kazi. Kila asubuhi Maithya alisimama mlangoni mwa nyumba ya wageni akitazama upande wa mlima Nyiro, ambako mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika, na kila asubuhi alipiga simu.

"Mzee Maithya, tulia. Hilo taya limengoja miaka milioni moja na nusu," Daktari alimwambia siku ya kumi na tisa.

"Halikuwa ukingoni miaka yote hiyo, Daktari. Sasa liko ukingoni. Mvua moja tu, linasombwa mpaka bonde la Suguta."

"Tuma picha."

"Simu yangu haina picha! Simu yangu ni ya kuongea!"

Hatimaye lori lilifika, na wakashuka wote korongoni. Maithya alitangulia. Alipopita kona ya mwisho alisimama, akavua kofia, akaivaa tena.

Pale alipoacha mawe matatu kulikuwa na rundo linalomfika kifuani. Mawe makubwa yalikuwa chini, madogo juu, na matawi mabichi yamechomekwa pande zote. Tumbaku ilikuwa imemwagwa. Mtu fulani alikuwa amemimina hata maziwa. Wapita njia wote wa siku ishirini na tatu, wachungaji, kina mama wa visimani, morani wanaokwenda mnadani, kila mmoja alikuwa ameweka jiwe lake kwa heshima.

"Hiki ni nini?" akauliza Daktari Nyaboke. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa miaka thelathini na tano, mwenye buti safi na akili kali, na hakuwa mtu mbaya.

"Ni kaburi," akasema Maithya.

"La nani?"

"La taya letu."

Daktari aliposimuliwa jambo lote aliketi juu ya sanduku la plasta ya kufungia mifupa, akajishika kichwa. "Mzee wangu, kwa nini ulisema mtu? Si ungesema sampuli?"

"Miaka thelathini na minane nimetafuta mtu. Nimpate halafu niseme sampuli?"

Vijana wa kambi walianza kuondoa mawe. Hawajaondoa hata kumi, Mzee Leaduma akatokea, na wazee wengine wanne nyuma yake wakiwa na marungu. Huyu ndiye aliyekuwa na sauti katika maboma ya upande ule. Maithya alikuwa akinywa naye chai tangu wote wawili wakiwa na meno. Leaduma hakupaza sauti. Alichukua jiwe moja kutoka mkononi mwa kijana, akalirudisha mahali pake, akaketi katika kiti cha turubai cha Daktari bila kukaribishwa.

"Maithya. Tumesikia kuna mtu hapa."

"Yupo, Mzee."

"Mwaka jana ulisema kuna kiboko. Hatukusema neno, ukabeba kiboko chako. Mwaka juzi ukabeba nguruwe. Sasa ni mtu, na unataka kumbeba kama nguruwe?"

"Si mtu kama mimi na wewe. Ni wa kale mno."

"Wa kale kiasi gani? Rika ngapi?"

Maithya alichukua kijiti, akapiga hesabu mchangani. Shule aliiacha darasa la nne, hesabu alijifunza mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia sukari. Aligawa, akafuta, akagawa tena. "Rika laki moja," akasema.

Wazee walitazamana. Mmoja alikohoa kama mtu anayezuia kicheko.

"Sisi tunakumbuka rika kumi na kidogo," akasema Leaduma. "Huyo wa laki moja, alikuwa na ng'ombe?"

"Hakuwa na ng'ombe."

"Mbuzi?"

"Hata mbuzi."

"Alikuwa na moto?"

"Labda. Hatujui."

"Alikuwa anaongea?"

"Hakuna anayejua, Mzee!"

"Hana ng'ombe, hana moto, haongei. Kwa nini unamwita mtu?"

"Kwa meno yake. Tena aliye na meno kama hayo tunajua alitembea kwa miguu miwili, kama wewe."

"Mbuni pia anatembea kwa miguu miwili."

Vijana wa kambi walicheka, hata Daktari akageuza uso. Maithya alihisi damu ikimpanda. Juu ya Nyiro mawingu yalikuwa meusi kama masufuria, na watu walikuwa wamekaa kujadili mbuni.

"Haya, si mtu!" akafoka. "Ni mbuni! Tuondoe mawe!"

"Umeshasema ni mtu," akajibu Leaduma kwa upole. "Watu wameshaweka mawe. Utamwambia Noonkishu alimwagia mbuni tumbaku? Yule mama atakuua. Maithya, sikiza. Mimi sikatai. Kaburi linaweza kufunguliwa kama kuna sababu. Lakini anayefungua ni wa ukoo wake. Anachinja kondoo, ananyolewa kama mfiwa, anayashika mawe kwa mikono yake mwenyewe. Huyu ni wa ukoo gani?"

Daktari aliingilia kati, akaeleza vizuri, kwa Kiswahili cha darasani, kwamba huyu ni wa kabla ya koo zote, kwamba kutoka kwa watu kama huyu walitoka Wasamburu, Wakamba, Wakisii, Wazungu, Wachina, binadamu wote waliopo. Alieleza kwa muda mrefu. Wazee walimsikiliza bila kumkatiza, kama wanavyomsikiliza kila mgeni.

"Kwa hiyo ni babu wa watu wote," akasema Leaduma.

"Tunaweza kusema hivyo."

"Basi ni babu yake Maithya. Anyolewe."

"Na wewe je?" Maithya akaruka. "Kama ni babu yangu, ni babu yako pia! Na wewe unyolewe!"

"Mimi sitaki kumfukua."

Maithya alitembea mpaka kona ya korongo, akarudi, akatembea tena. Kwao Kibwezi, akiwa mdogo, aliyegusa mfupa wa maiti hakula na wenzake mpaka atakaswe, na bibi yake alikufa akiamini kwamba kazi ya mjukuu wake ndiyo iliyomnyima watoto wa kiume. Kanisani yeye ni mzee wa baraza. Na sasa aketi mchangani kunyolewa kwa ajili ya kiumbe ambacho hata mchungaji akisikia umri wake atamwondoa barazani. Aliwalaani wazee kimoyomoyo, akamlaani Daktari na mkutano wake wa hotelini, akajilaani yeye mwenyewe na mdomo wake. Zamani mambo haya yalikuwa mepesi. Mtu akiona mfupa, mkubwa wa kambi anafika kesho yake kwa miguu, amechubuka magoti, wanachimba pamoja, jioni taya liko ndani ya pamba. Nani angepata nafasi ya kujenga kaburi kwa siku moja?

"Mzee," Daktari akamwambia kwa sauti ya chini, "kama hutaki, tutaandika barua kwa mkuu wa wilaya."

"Barua!" akasema Maithya. "Tazama juu."

Daktari akatazama mawingu, akauliza kondoo anapatikana wapi.

Kondoo alipatikana kwa Noonkishu, ambaye alimtoa bila swali. Alikuja naye mwenyewe, amevua shanga zake zote kama mfiwa. Maithya alipomwona bila shanga alikasirika zaidi, kwa sababu aliona kwamba mama yule hakuwa akitania. Hata hivyo kondoo alichinjwa, na Maithya akakaa chini. Leaduma alimlowesha kichwa kwa maziwa na maji, akaanza kumnyoa kwa wembe, na hakuwa na haraka yoyote.

"Nywele zenyewe unazo chache," akasema.

"Maliza, Mzee."

"Mbele huku sina hata cha kunyoa. Nitajifanya tu."

"Leaduma, mvua!"

"Mvua ni ya Mungu. Inamsubiri mfiwa." Kisha, akiwa bado ameshika kichwa cha Maithya, akasema kwa sauti nyingine, bila utani: "Na jina lake lisitajwe. Marehemu wetu hatumtaji."

"Hana jina. Nani alikuwepo kumpa jina?"

"Vizuri. Hiyo imekuwa rahisi."

Maithya aliondoa mawe peke yake, moja moja, kichwa kikimwasha jua lilipokichoma. Yalikuwa mia tatu na zaidi. Alipofika chini alikuta mawe yake matatu, na kando yake taya, halikuhamishwa hata unywele, maana kila aliyeweka jiwe aliliweka kwa uangalifu asije akamkanyaga marehemu. Daktari alipima mahali, akapiga picha, akalala kifudifudi na sindano ya daktari wa meno, akaanza kutoa udongo chembe kwa chembe. Hapo Maithya alimpenda kidogo. Mikono ya binti yule ilikuwa mizuri. Saa tisa alasiri waliligandisha kwa gundi, wakalifunga kwa karatasi laini na plasta, na tone la kwanza la mvua lilianguka juu ya plasta ikiwa bado mbichi. Walilibeba wakikimbia. Nusu saa baadaye korongo lilinguruma, na mawe yote mia tatu yakaenda na maji.

Chini ya turubai, mvua ikipiga ngoma, Daktari aliosha mikono, akakaa mkabala na Maithya.

"Ni mtu," akasema. "Sasa nasema mwenyewe. Meno haya sijapata kuyaona yakiwa kamili hivi. Utapata heshima yako, Mzee wangu. Nimeandika fomu. Hapa pa nambari nimejaza. Hapa pa jina la kambi, nimeandika Taya la Maithya. Niache hivyo?"

Maithya alitazama fomu. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa wino mweusi, herufi zimesimama wima. Alikumbuka alichoambiwa kichwa chake kikiwa mikononi mwa Leaduma. Alikumbuka vizuri sana. Lakini hayo yalikuwa mambo ya wazee wa huku, na lile taya lilikuwa limegeuka jiwe, tena jiwe linakwenda Nairobi, na miaka thelathini na minane si miaka ya mchezo.

"Acha hivyo," akasema.

Vijana wa kambi walipiga makofi, wakaimba "Maithya! Maithya!" wakigonga sufuria, na Noonkishu, aliyekuwa amejikinga mvua pembeni mwa turubai, akamuuliza kijana mmoja kwa nini wanaimba. Kijana akamwambia kwamba yule marehemu sasa anaitwa Maithya.

Kambi ilivunjwa siku ya nne. Wazee walikuja kuaga kwa baraka, kama kawaida yao, na kibuyu cha maziwa na tawi la kunyunyizia. Watu walijipanga mbele ya lori. Leaduma alimtaja Daktari Nyaboke kwa jina, akamwombea njia njema na watoto, wazee wakaitikia jina la Mungu. Akamtaja dereva. Akawataja vijana mmoja mmoja, hata mpishi ambaye alikuwa na wiki mbili tu. Alipofika kwa Maithya alimnyunyizia maziwa mengi kuliko wengine wote, akasema, "Na huyu pia."

Wazee wakaitikia.

Maithya alifuta maziwa machoni. "Na huyu nani?"

Leaduma alitazama pembeni.

"Mzee, umemtaja mpaka mpishi. Mimi je? Nimekaa hapa tangu hawa vijana hawajazaliwa."

"Tunajua."

"Basi niite kwa jina langu. Nina jina!"

"Ulikuwa nalo," akasema Noonkishu kutoka nyuma, si kwa ukali.

"Mimi ni mzima! Nimesimama hapa! Lile ni taya, ni jiwe, liko ndani ya sanduku!"

"Ulisema ni mtu," Leaduma akamjibu. "Ukasema ni babu yako. Ukanyolewa. Halafu ukampa jina. Sasa nikiita jina hilo naita nani? Mimi nilikwambia usimtaje, wewe ukamwandika." Aliona uso wa rafiki yake, akalainisha sauti. "Usijali. Tutakutafutia jina lingine. Ukirudi utalikuta."

"Sirudi, Mzee. Nimestaafu. Nimekwambia mara ngapi kwamba nimestaafu?"

Leaduma alifikiri kidogo, kibuyu mkononi.

"Basi hakuna haraka," akasema, akageuka kuinyunyizia maziwa injini ya lori.

Maithya alipanda nyuma, akaketi kwenye mbao karibu na sanduku lenye taya, kwa sababu kule mbele kulijaa mitambo ya kindege. Lori liliwaka baada ya kusukumwa mara mbili. Watu wa maboma walipunga mikono, na watoto wakakimbia pembeni wakiita majina ya vijana wote wa kambi, moja baada ya jingine, mpaka vumbi likawazidi. Maithya aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akavaa kofia juu ya upara wake, akasema kwa Kikamba neno ambalo mzee wa baraza la kanisa haruhusiwi kulisema, akaweka mguu juu ya sanduku ili lisigonge njiani.